Barua ya wazi kuhusu upande wa kusini: mimi ni mmoja wa waliofunga njia ya nyumbu

Kwa Waziri anayesimamia wanyamapori. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Magavana wa kaunti za Nairobi, Kajiado na Machakos. Na Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

KUH: UPANDE WA KUSINI WA MBUGA YA KITAIFA YA NAIROBI

Waheshimiwa,

Naanza kwa kukiri, maana barua hii haitakuwa na uzito nikijifanya mtu msafi. Miaka tisa iliyopita nilinunua ploti ya futi hamsini kwa mia kusini mwa Mto Mbagathi, upande wa Kitengela. Kampuni iliyoniuzia sitaitaja. Ilitubeba Jumamosi moja kwa basi dogo, wanunuzi ishirini na kitu, ikatushusha kwenye nyika tupu iliyopandwa vigingi vyeupe. Tulipokuwa tukitafuta nambari zetu, kundi la pundamilia likapita katikati ya vigingi bila kutujali, likielekea mtoni. Wakala akacheka, akasema hiyo ni nyongeza: hapa mtaona wanyama bila kulipa kiingilio. Watu wakatoa simu wakapiga picha. Mimi nikalipa amana siku iyo hiyo.

Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimechimbia nguzo na kuzungusha seng'enge nyuzi tano. Jirani wa kushoto akainua ukuta wa mawe. Wa nyuma akapanda ua wa kayaba. Kisha kikaja kiangazi, na alfajiri moja nikakuta nyumbu kumi na wawili hivi wamesimama nje ya waya wangu, nyuso zao zikielekea kaskazini, kuliko na maji. Walifuata waya kwenda kulia, wakakuta ukuta, wakarudi. Wakafuata waya kwenda kushoto, wakakuta uzio mwingine, wakarudi tena. Mmoja alisogeza pua hadi kwenye uzi wa pili, akanusa, akaondoa kichwa. Walikaa hapo karibu saa nzima, halafu wakageuka wakarudi walikotoka. Nilikuwa na kikombe mkononi, na sikujua la kufanya. Tangu siku hiyo sijaona nyumbu mlangoni kwangu. Pundamilia hupita mara moja moja usiku; asubuhi unaona kinyesi tu kwenye barabara ya changarawe.

Ninawaandikia nikiwa na hatimiliki mkononi, mimi mmoja kati ya maelfu waliofunga njia ile kwa halali kabisa. Ndiyo maana ninaamini naweza kuwaambia lililokosekana.

Nianze na ramani, kwa ajili ya wale watakaoisoma barua hii wakiwa mbali. Mbuga ya Nairobi ilitengwa mwaka 1946, ya kwanza nchini. Ina kilomita za mraba 117 na iko umbali wa kilomita 7 hivi kutoka katikati ya jiji. Pande tatu zimezungushiwa uzio, na ni haki ziwe nao, kwa kuwa upande mmoja kuna Barabara ya Mombasa na mwingine kuna Lang'ata. Upande wa nne, wa kusini, mpaka ni mto. Ng'ambo ya mto kunaanza nyanda za Athi na Kapiti, zenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000, karibu zote zikiwa ardhi ya watu binafsi.

Watu wengi hudhani kwamba wanyama wanaishi mbugani na wakati mwingine wanatoroka. Ni kinyume. Kwa nyumbu na pundamilia, mbuga ni kisima. Mvua zikinyesha huondoka kwenda kusini, kwenye nyasi fupi zenye madini, mahali pa wazi ambapo jike anayezaa anaweza kumwona simba kwa mbali. Kiangazi kikikaza hurudi kaskazini, kwenye mito na mabwawa yaliyo ndani ya mbuga. Hivyo ndivyo walivyoishi kabla ya reli ya kwanza kufika, na hivyo ndivyo waliochora mpaka mwaka 1946 walivyoliacha eneo hili: nusu ya nyumba wakaiita mbuga, nusu nyingine wakaiacha mikononi mwa wafugaji wa Kimaasai, ambao ng'ombe wao walikula pamoja na wanyama hao na kuziweka nyasi katika kimo ambacho nyumbu wanakipenda. Hakuna aliyewalipa wafugaji kwa kuilinda nusu hiyo ya pili. Haikuonekana kuwa ni kazi.

Sasa tazameni hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wanaohama katika mfumo huu walikaribia 30,000. Kufikia mwaka 2011 walikuwa chini ya 5,000. Hawakuisha kwa mishale ya majangili peke yake wala kwa ukame peke yake. Ukame ulikuwepo hata zamani, na baada yake walizaana wakarejea. Safari hii hawakupata pa kupitia. Na msiniambie ni tatizo la nyumbu wa Nairobi tu: watafiti waliolinganisha hesabu za angani za Kenya nzima waliona wanyamapori wakipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya mwaka 1977 na 2016. Lakini hapa, tofauti na pengine, jambo limetendeka mbele ya macho ya ofisi zenu. Kutoka kwenye baadhi ya madirisha ya jiji mbuga inaonekana.

Nani aliyefunga? Nimejiuliza sana, na kila nikimtafuta mhalifu ninakutana na mtu wa kawaida. Ranchi za pamoja zilianza kugawanywa kwa wanachama mmoja mmoja katika miaka ya 1980, kwa sababu nzuri tu: watu walitaka hatimiliki zao wenyewe, na walikuwa wameona ardhi ya pamoja ikiliwa na wachache. Kisha mwaka 1990 ikaja sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, viwanda vikafunguliwa Athi River, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Viwanda vya saruji navyo vilikuwa jirani. Jiji likapanda bei, likawasukuma watu wa kipato changu kuvuka mto. Kaunti ya Kajiado ilihesabiwa kuwa na watu 687,312 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye walikuwa 1,117,840. Mimi ni mmoja wa nyongeza hiyo. Kila mmoja wetu alikuwa na ruhusa yake. Kila ploti, ukiitazama peke yake, haidhuru kitu. Nani atasema futi hamsini kwa mia ndizo zilizomaliza nyumbu?

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Nilipokwenda kuulizia vibali vya kujenga, hakuna aliyenionyesha ramani yenye mstari unaosema: hapa wanyama wanapita. Aliyeuza hakuwa nayo. Aliyepima hakuwa nayo. Ofisi iliyoidhinisha kukatwa kwa shamba lile vipande mia kadhaa haikuitazama, na kama ilikuwepo katika kabati fulani ya idara nyingine, haikuwahi kushuka hadi kwenye meza ambapo muhuri unagongwa. Wataalamu wanazijua njia hizo. Wamezifuata kwa miaka, wengine kwa kuwavika wanyama kola za kutuma mawimbi. Wazee wa pale wanazijua bila kola. Mzee jirani yangu, ambaye amezaliwa kilomita mbili kutoka ploti yangu, alinionyesha kwa fimbo yake mahali nyumbu walipokuwa wakishukia mtoni enzi za baba yake. Fimbo ilipita juu ya paa la jikoni kwangu. Alikuwa ananionyesha tu, bila kunilaumu, na kwa kweli ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Pembeni kidogo: mmewahi kuyasoma majina ya mitaa inayochipuka huko? Swala hapa, Simba kule, Nyika, Migunga. Tunaupa mtaa jina la mnyama katika wiki ile ile tunayomfungia njia.

Sitakaa sana kwenye miundombinu kwa kuwa wengi wameshaisemea, ila kuna mantiki moja ambayo ni lazima niitaje. Barabara ya Southern Bypass ilipita ukingoni mwa mbuga. Reli ya kisasa kutoka Mombasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, ilipita ukingo mwingine. Awamu iliyofuata, ile ya Naivasha iliyozinduliwa mwaka 2019, ilipita katikati kabisa, juu ya daraja la kilomita 6 hivi. Jopo la rufaa la mazingira lilikuwa limeamuru kazi isimame, lakini mwaka 2018 nguzo zikaanza kuchimbiwa. Nakubali kwamba twiga wanapita chini ya daraja. Linalonisumbua ni sababu ya kuchagua njia hiyo. Ukipitisha barabara mtaani utawalipa watu fidia, watakwenda mahakamani, wabunge watapiga kelele. Ukiipitisha mbugani, wenyeji hawana wakili. Ardhi ya mbuga imegeuka akiba ya ardhi rahisi ya jiji, na kila mhandisi anayekuja baada ya mwingine atafikia uamuzi ule ule msipobadilisha hesabu yake. Katika mbuga hiyo hiyo taifa lilichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na tani 105 mwaka 2016, dunia nzima ikitazama. Moshi ule uliahidi kitu.

Kuna rai mbili ambazo najua zinazungumzwa katika vikao vyenu, kwa sababu zinazungumzwa hata kwenye matatu. Ya kwanza ni kuwahamisha wanyama: mbuga imezidiwa, wapelekwe Tsavo, ardhi itumike. Tafadhali kumbukeni Julai 2018. Faru weusi 11 walichukuliwa Nairobi na Nakuru wakapelekwa kwenye hifadhi mpya Tsavo Mashariki. Maji ya kule yalikuwa na chumvi kuliko waliyoyazoea. Kumi walikufa, na wa kumi na moja, akiwa dhaifu, akashambuliwa na simba. Faru weusi wamo kwenye daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka duniani, na waliofanya kazi ile hawakuwa wazembe wa mitaani. Walikuwa wataalamu wa serikali wenye magari, dawa na uzoefu. Mnyama hafanani na samani unayoibeba ukaipanga sebule nyingine. Ana maji yake, magonjwa aliyoyazoea, mipaka anayoijua. Na hata kama kila uhamisho ungefanikiwa, jiji hili limejaliwa kitu ambacho majiji mengine hutumia mabilioni kukiiga kwa miti ya kupandwa na mabwawa ya saruji.

Rai ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuidharau: kufunga uzio upande wa kusini. Anayeitoa mara nyingi ni mtu aliyeumia. Juni 2012 simba waliingia kwenye boma Kitengela, wakaua mbuzi, na wenyeji wakawaua kwa mikuki simba sita. Machi 2016 simba dume maarufu aliyeitwa Mohawk alitoka, akafika Isinya, watu wakamzingira, akamjeruhi mmoja, na askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Mimi mwenyewe watoto wangu hawatoki nje baada ya saa moja jioni. Uzio ungenipa usingizi.

Lakini fikirieni mbuga yenye uzio pande zote nne. Ekari karibu 29,000, zisizo na pa kwenda. Nyumbu waliobaki hawataondoka mvua zikija, nyasi hazitapumzika katika sehemu wanazozipenda na zitarefuka katika nyingine mpaka mzichome au mzifyeke kwa trekta. Simba madume wachanga, ambao kwa desturi hufukuzwa na baba zao wakatafute makao, watauana ndani au watazaa na dada zao. Kila baada ya miaka michache mtaleta damu mpya kwa lori. Hiyo itakuwa bustani kubwa ya wanyama, yenye gharama ya bustani na jina la mbuga. Ukame mkali ukija, ule wa miaka mingi kati ya mmoja na mwingine, hakuna atakayeweza kutoka kutafuta malisho, na hakuna wa nje atakayeweza kuingia kunywa.

Na dawa ya simba ipo, ya bei ndogo kuliko uzio. Kijana Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga hii, alikuwa na miaka 11 tu alipounganisha taa zinazomulikamulika kuzunguka zizi, zikitumia nishati ya jua na betri ya gari, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 alisimama jukwaani Marekani kueleza ubunifu wake. Ningependa kujua leo ni maboma mangapi kusini mwa mto yamewekewa taa hizo kwa fedha za umma.

Sasa tufike kwenye fedha, mahali ambapo kila mazungumzo ya uhifadhi huanza kukohoa.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kukodi ardhi kusini mwa mbuga kwa ajili ya wanyama. Masharti yalikuwa mafupi: mwenye shamba asizungushe uzio, asichimbe timbo la mawe, asilime, asikate vipande vya kuuza, asiwinde. Naye alilipwa takribani shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, dola 4 za wakati ule, katika mafungu matatu yaliyolingana na mihula ya shule. Mpango ulianza na familia chache ukakua. Watu waliupenda. Ninawajua waliosomesha watoto kwa malipo hayo, na nyua zao hadi leo hazina waya.

Lakini pigeni hesabu pamoja nami. Mwenye ekari 60 alipata shilingi 18,000 kwa mwaka. Ekari moja tu kati ya hizo, ikikatwa, hutoa ploti nane kama yangu, na ekari upande huu inauzwa kwa mamilioni. Mzee aliyekataa kuuza na kupokea shilingi 300 alikuwa akitoa sadaka kwa taifa. Tena pesa zenyewe zilitegemea wafadhili. Mfadhili akichoka, muhula unafika bila malipo, na wakala wa ploti anafika bila kuchelewa. Waswahili walishasema, mkono mtupu haulambwi.

Na gharama anayoibeba mzee huyu ni zaidi ya mnada alioukosa. Nyumbu wanapozaa, ndama wao hubeba virusi ambavyo haviwadhuru wao lakini huua ng'ombe. Ugonjwa huo hauna tiba. Kwa hiyo katika miezi ile ile nyasi fupi zinapokuwa tamu kuliko wakati wowote, mfugaji analazimika kuwaondoa ng'ombe wake na kuwaachia nyumbu malisho. Fisi naye ana siku zake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inaahidi fidia, shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama na thamani ya soko kwa mifugo iliyoliwa, lakini madai yamekuwa yakikaa miaka bila kulipwa. Mtu aliyeliwa mbuzi leo na kuambiwa asubiri miaka mitatu hatamwona simba kama urithi wa taifa. Mimi nisingemwona hivyo.

Wakati huo huo, kila siku langoni mwa mbuga watu wanalipa kumtazama pundamilia ambaye amenenepa katika shamba la mzee. Mgeni anapiga picha maarufu, twiga mbele na maghorofa nyuma, anaondoka ameridhika. Mapato yanabaki upande wa kaskazini wa mto, hasara zinabaki upande wa kusini. Naomba mlirekebishe hili kwa sheria, kwa namna isiyotegemea huruma ya mfadhili: sehemu maalumu ya kila tiketi ya Mbuga ya Nairobi iende moja kwa moja kwa wenye ardhi walioiacha wazi, ilipwe kwa mihula kama zamani, na kiwango kipandishwe kila mwaka kikiifuata bei ya ardhi hata kama hakitaifikia. Hakitaifikia, najua. Mzee jirani yangu ameniambia mara nyingi kwamba hatafuti bei ya ploti; anatafuta sababu ya kuwapa wanawe wanapomuuliza kwa nini hauzi.

Ombi la pili halihitaji hata shilingi. Chukueni ramani ya njia zilizobaki, kuanzia mtoni kupita maeneo ya uhifadhi ya jamii kama Naretunoi hadi kwenye mashamba makubwa yaliyo bado mazima upande wa Machakos, likiwemo lile la utafiti wa mifugo la Kapiti, mkaichapishe katika gazeti rasmi la serikali. Itundikwe katika kila ofisi inayoidhinisha kugawa ardhi Kajiado na Machakos. Shamba lililo juu ya mstari lisikatwe ploti hata mmiliki akiwa na haraka namna gani, na kwa ajili hiyo alipwe kwanza kabla ya wengine wote. Sheria ya 2013 tayari inaruhusu mapatano ya uhifadhi yanayoandikwa juu ya hatimiliki, yakamfunga hata atakayenunua kesho. Chombo kipo, kimekaa kwenye mfuko wake.

Sheria hiyo hiyo inasema mipaka ya mbuga haibadilishwi bila Bunge kuridhia. Isomeni kwa sauti kila mradi mpya unapoletwa mezani, ule usemao unahitaji kipande kidogo tu, tena ukingoni. Na Katiba, katika Kifungu cha 69, inaitaka Serikali ilinde uhai wa aina zote na iondoe shughuli zinazohatarisha mazingira. Haikusema ilinde pale ambapo ardhi haina thamani.

Magavana wa Nairobi na Kajiado, kwenu nina neno fupi la ziada: Mto Mbagathi unapokea majitaka kutoka kwenye makazi yanayokua kasi kuliko mabomba. Maji hayo ndiyo yanayopita ukingoni mwa mbuga, na ndiyo wanyama wanaorudi kiangazi wanayoyafuata kutoka mbali. Hakuna maana ya kulinda njia inayoishia kwenye mfereji wa maji machafu.

Mtaniuliza, na wewe uliyezungusha seng'enge umefanya nini? Mwezi uliopita nilikata waya wa upande wa kaskazini na wa kusini, nikaacha wa pembeni tu. Mke wangu aliniuliza nimepatwa na nini. Nikazunguka kwa majirani. Wanne wanaofuatana nami wamekubali kufungua, kwa sharti kwamba tukivamiwa tutafunga tena. Mwenye ukuta wa mawe amekataa, na ninamwelewa. Aliujenga kwa mkopo anaoulipa bado. Kwa hiyo tuna upenyo wa futi 250 unaoanzia nyikani na kuishia kwenye safu nyingine ya ploti, mita mia moja mbele, ambako wenyewe hatuwajui na wengi hawajaanza kujenga. Nilimpeleka mzee akauone. Aliutazama, akaitazama ile safu ya mbele, akasema nyumbu hawasomi barua.

Ninachowaomba ni jibu la maandishi kabla ya mvua za Machi, kwa kuwa ndipo wale waliobaki hutoka mbugani kwenda kusini. Mtumeni ofisa mmoja mwenye ramani, aje asimame kwenye upenyo wetu, aniambie kama mstari unapita hapa au haupiti. Kama unapita, mzuieni mtu wa safu ya mbele kabla hajachimba msingi, na mumlipe. Kama haupiti, niambieni hivyo bila kuzunguka. Seng'enge bado ninayo. Nimeiviringisha nyuma ya tangi la maji.

Wenu,
Mwenye ploti, kusini mwa Mto Mbagathi